Likizo ya Muscat isiishie kwenye simu: mwongozo wa kutunza kumbukumbu za safari ya familia

Familia nyingi za pwani zina ndugu Muscat, na kila likizo ya shule ikifika kuna watu wanaopanda ndege kwenda kuwaona. Wanarudi na haluwa, ubani, mablanketi na simu zilizojaa picha. Ukipita mwaka, haluwa imeshaliwa, blanketi limeshafuliwa mara kadhaa, na picha zimebaki kwenye simu iliyopasuka kioo. Uliza, "Huyu mzee mwenye kofia nyeupe ni nani?" Mmoja atasema ni ami yake baba, mwingine atabisha, na mambo yataishia hapo.

Mwongozo huu ni wa kuzuia hilo. Nimeshika safari ya Muscat kwa kuwa ndiyo niijuayo zaidi, lakini mwenye ndugu Dubai, London au Toronto atabadilisha majina ya mahali tu. Kazi ni ileile.

Niseme mapema upande wangu, maana ndio unaoongoza hatua zote zinazofuata. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, umeshapigwa picha na watu wenye kamera nzuri kuliko yako. Mnara mnene wa ngome ya Nizwa upo tangu karne ya 17 na utawangoja hata mkirudi baada ya miaka kumi. Vinavyokwenda upesi ni majina, sauti na mambo madogo ya nyumbani: nani alimmiminia nani kahawa, watoto walilazwa chumba gani, shangazi alichekeshwa na nini. Nguvu nyingi zielekee huko.

Hatua ya 1: Gawaneni kazi kabla ya kufunga mabegi

Mtu mmoja akiachiwa kupiga picha zote, yeye mwenyewe hatoonekani kwenye hata moja. Mara nyingi mtu huyo ni mama, na baada ya miaka watoto wanauliza kama mama alikwenda kweli. Basi kaeni jioni moja mgawane. Kijana mwenye simu nzuri apewe video. Mtoto wa darasa la nne au la tano apewe bahasha ya kukusanyia tiketi, risiti na karatasi ndogondogo. Kazi hiyo huifanya kwa bidii kuliko mtu mzima yeyote. Anayependa kuandika ashike daftari. Baba, ambaye kwa kawaida hujifanya hana kazi katika mambo haya, apewe orodha ya majina.

Orodha ya majina ndiyo kubwa. Chukua karatasi pana uchore shajara ya ukoo kwa kadiri mnavyoijua: babu na bibi juu, watoto wao chini, waliobaki Unguja, waliohamia Dar es Salaam au Mombasa, waliovuka bahari. Acha nafasi tupu pale msipojua, kisha safirini nayo. Karatasi ile ikitandikwa sakafuni kwenye majlisi ya Muscat, wazee wataijaza wenyewe na watagombana juu yake. Waache wagombane, uandike yote.

Toeni pia nakala za picha za zamani zilizoko nyumbani: harusi, watoto wa madrasa, babu amekaa kwenye baraza. Bebeni nakala, si picha zenyewe. Nimeona mazungumzo yaliyokuwa yamelala kabisa yakiamka kwa sababu ya picha moja ya rangi ya chai iliyopita mkono kwa mkono.

Kuna mtu mmoja husahauliwa katika maandalizi: yule anayebaki. Bibi asiyeweza tena kusafiri atake asitake atabaki nyumbani akisubiri habari. Mwombeni maswali. Mwandikieni kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: "Muulize Bi Mkubwa wa Seeb kama bado anao ule ufunguo," au "Nani alimlea yule mtoto baada ya mama yake kufariki?" Hapo safari inakuwa na kazi ya kufanya, na bibi naye amesafiri kwa namna yake.

Ya simu ni machache. Futeni video za zamani za vichekesho ili kuwe na nafasi. Matundu ya umeme ya Oman ni yale ya vipini vitatu vya bapa tunayotumia nyumbani, kwa hiyo msinunue adapta. Pawabanki ikae kwenye begi la mkononi. Mashirika ya ndege hayaikubali kwenye mizigo inayoingia tumboni mwa ndege.

Hatua ya 2: Daftari, mistari michache kila usiku

Nasema daftari la karatasi, la mistari, la bei ndogo. Simu ina ujumbe unaoingia na betri inayokwisha, na mtoto hapewi simu ya mama usiku. Daftari linakaa kwenye meza ya chakula na kila mtu analiona.

Usiandike insha. Anayejipangia kurasa mbili kila siku huacha siku ya tatu. Andika tarehe, mahali, watu mliokutana nao kwa majina na uhusiano wao, mlichokula, na maneno mamoja aliyoyasema mtu. Mfano:

"Alhamisi usiku. Kwa Shangazi, Al Khoud. Walikuwepo wanawe wawili na mkwe. Tumekula mkate wa kumimina na mchuzi wa pweza, kama hatujatoka Unguja. Mdogo wetu amekataa kuvua viatu mlangoni, amebebwa. Shangazi amesema uani kwao kulikuwa na mshelisheli na yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kuokota."

Mistari mitano tu, na picha mia haziwezi kukupa habari ya mshelisheli ule.

Saa za Muscat ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Simu hujirekebisha yenyewe ikishika mtandao, lakini kamera ya kawaida haijirekebishi. Ibadilishe mkitua, la sivyo picha za kamera na za simu zitapishana mtakapozipanga. Jueni pia kuwa mapumziko ya wiki huko ni Ijumaa na Jumamosi. Ziara kubwa za ukoo huangukia Alhamisi jioni na Ijumaa baada ya sala, na siku hizo ndizo mtakazokuwa mmechoka sana usiku. Basi siku hizo andikeni mkiwa bado garini mnarudi, mmoja akisema na mwingine akiandika.

Hatua ya 3: Pigeni picha za nyumbani kuliko za barabarani

Sisemi msiende kutembea. Nendeni Mutrah jioni, mpite kando ya bahari kisha muingie sokoni kwenye harufu ya ubani. Nendeni Nizwa Ijumaa asubuhi na mapema, mkaone mnada wa mbuzi wakizungushwa mbele ya wanunuzi, watoto hawatausahau. Kama mna siku za kutosha, mwende Sur mkaone majahazi yanavyoundwa, kisha mwambie mtoto kwamba vyombo vya aina hiyo ndivyo vilivyokuwa vikija pwani yetu na upepo wa kaskazi na kurudi na upepo wa kusi.

Lakini mbele ya mlango mkubwa wa msikiti au ngome, piga picha moja ya jengo na tatu za watu wako. Wanawake wanaingia Msikiti Mkuu wamejifunika nywele na nguo ndefu za kufika mikononi na miguuni, na wageni wasio Waislamu wana saa zao za asubuhi. Nendeni mapema ili msirudishwe mlangoni. Zulia la ndani lina uzito wa tani 21 hivi. Ukimpiga picha mtoto akiwa amesimama juu yake peke yake, kutoka mbali kidogo, ukubwa wake utaonekana. Ukilipiga zulia tupu, ni zulia tu.

Mkirudi nyumbani kwa wenyeji, ndipo kazi yenyewe inapoanza. Piga viatu vilivyorundikana mlangoni. Piga sinia la wali likiwa limezungukwa na mikono. Piga jiko, kabati la vyombo, birika la kahawa na vikombe vyake vidogo visivyo na mkono. Piga chumba mlicholala kabla hakijatandikwa. Piga mtaa kutoka dirishani asubuhi, nyumba nyeupe na matangi ya maji juu ya mapaa. Haya ndiyo mambo ambayo watoto, wakishakuwa watu wazima, watayatafuta na kuyakosa.

Adabu kwanza, hata hivyo. Upande wa wanawake, mitandio ikishavuliwa, simu hukaa mkobani mpaka mwenye nyumba mwenyewe aseme. Sokoni muombe mtu ruhusa kabla ya kumpiga. Wengi watakubali wakisikia salamu ya Kiarabu, na usishangae baadhi yao wakikujibu kwa Kiswahili safi kuliko chako. Kambi za jeshi na vituo vya polisi visipigwe kabisa.

Sasa ujanja mmoja wenye faida kuliko kamera ya bei yoyote. Kila mkipiga picha ya kundi, kabla watu hawajatawanyika, washa video na upite mbele yao kutoka kushoto kwenda kulia. Kila mmoja aseme jina lake kamili na la baba yake. Haichukui hata dakika moja, watu watacheka, na hakuna atakayebishana tena juu ya mzee mwenye kofia nyeupe.

Kuhusu hali ya hewa: Desemba na Januari Muscat ni ya kupendeza. Wanaokwenda Juni na Julai watakuta joto linalopita nyuzi 40, na simu iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari itajizima kwa moto. Ukitoka kwenye kiyoyozi kikali kwenda nje kwenye unyevu, lenzi hufanya ukungu. Usiifute kwa pindo la buibui, subiri dakika chache iondoke yenyewe. Kiangazi hichohicho Salalah, kusini kabisa, inakuwa na ukungu na manyunyu, milima imekuwa kijani. Lakini ni kiasi cha kilomita 1,000 kutoka Muscat, na mwenye watoto wadogo afikirie mara mbili kabla ya kwenda kwa gari.

Hatua ya 4: Rekodini sauti za wazee

Kama utafanya hatua moja tu katika mwongozo huu wote, ifanye hii.

Muscat kuna wazee waliozaliwa Unguja na Pemba. Wengi waliondoka baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Wengine walipita nchi nyingine kwanza, kisha wakaelekea Oman pale Sultan Qaboos aliposhika utawala Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi. Waliozaliwa kabla ya 1950 sasa wana umri mkubwa. Kiswahili chao kina maneno ambayo hapa nyumbani hayasikiki tena isipokuwa kwa wazee wenzao. Wajukuu zao wengi wanafahamu Kiarabu na Kiingereza, na kwa Kiswahili wanajua salamu na majina ya vyakula. Kwa hiyo wewe uliyetoka nyumbani, mwenye lugha, unaweza kuwa mtu bora wa kukaa na bibi yule na kumsikiliza.

Anza kwa kuomba ruhusa, na uombe vizuri. Usiwashe simu kwa siri ati mzee asije akabadilika. Mwambie: "Bibi, nataka watoto wangu wakusikie. Naomba nikurekodi, na ukisema nizime, nazima." Mwulize pia nani aruhusiwe kusikiliza. Yako mambo atakayokubali yasikilizwe na wanawe lakini si na kundi zima la WhatsApp la ukoo, na hiyo ni haki yake. Wengine hawatataka kuuzungumza mwaka 1964 hata kidogo. Ukiona sauti imebadilika, au ameanza kukunjakunja pindo la mtandio, muulize habari ya maembe. Hukwenda kuandika historia ya nchi. Umekwenda kumsikiliza shangazi yako.

Halafu matayarisho ya chumba. Adui mkubwa wa rekodi za Muscat ni kiyoyozi. Masikio yenu yamekizoea lakini simu inakisikia kama mashine ya kusaga. Kizime kwa muda wa mazungumzo, au muhamie chumba chenye mazulia na mapazia mazito, asubuhi kabla ya joto. Weka simu kwenye hali ya ndege ili isiite. Ilaze juu ya kanga iliyokunjwa, umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mzee, ili vikombe vikigongwa mezani visisikike kama ngoma. Rekodi nusu dakika, sikiliza, ndipo uendelee. Mwanzoni sema mwenyewe tarehe, mahali na majina ya waliopo.

Maswali mapana hayazai kitu. Ukisema, "Bibi, tuhadithie maisha yako," utajibiwa, "Maisha yangu nini mwanangu, tumeishi tu, alhamdulillahi." Uliza vitu vidogo vyenye mahali pake. Mlango wa nyumba yenu ulitazama wapi? Nani alikuwa jirani wa ukutani? Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa nani, na alipiga kwa kitu gani? Siku ya Idi mlivaa nini na mlikwenda kula wapi? Chombo au ndege mliyoondoka nayo mlibeba nini mkononi? Mlipofika hapa, chumba cha kwanza kilikuwa wapi, mtaa gani? Nani alikufundisha kupika hivi? Kila jibu litazaa jingine. Akinyamaza, na wewe nyamaza. Mara nyingi jambo la maana huja baada ya kimya, na wenye haraka hulikata kwa swali lao lijalo.

Nusu saa inatosha. Mzee akichoka, mrudie siku nyingine. Mara ya pili huwa bora kwa sababu usiku amekumbuka. Mtoto naye akae palepale. Maswali ya watoto hayana aibu. Mtoto wa miaka saba atauliza, "Ulilia?" na bibi atamjibu yeye kitu ambacho asingekujibu wewe.

Usiku huohuo andika kwenye daftari dakika na mada: dakika ya 4, jirani, dakika ya 11, safari, dakika ya 19, wimbo wa kubembeleza mtoto. Bila hivyo hakuna atakayekuwa na subira ya kuisikiliza yote ili kuutafuta wimbo huo.

Hatua ya 5: Chagueni vitu vya kurudi navyo

Hii ni fupi, kwani wengi wetu hatuhitaji kufundishwa kununua.

Risiti na tiketi nyingi za siku hizi huchapwa kwenye karatasi inayofutika yenyewe, na kwenye joto letu haichukui muda mrefu. Yule mtoto wa bahasha azipige picha zote kila jioni. Wekeni noti moja ya baisa 100. Riali moja ni baisa 1,000, na hesabu hiyo peke yake huwafurahisha watoto sokoni. Ubani wa Dhofar, jimbo la Salalah, hasa ule wa Hojari wenye rangi ya kijani hafifu, hukaa miaka mingi kwenye kopo lenye kifuniko, na ukitiwa chetezoni nyumbani unarudisha chumba kizima cha shangazi kwa harufu tu. Haluwa ni ya kula na kugawa, msiitunze.

Kutoka pwani na mabondeni, msichukue matumbawe wala kitu chochote cha kasa. Ni viumbe vinavyolindwa na forodha itawauliza. Jiwe dogo la kawaida ambalo mtoto amelipenda liandikwe mahali lilipotoka, kwa maana jiwe lisilo na jina litatupwa siku ya kufagia.

Hatua ya 6: Chujeni picha kabla ya kuzoea kuwa nyumbani

Fanyeni katika wiki ya kwanza. Ikipita mwezi hamtafanya tena, mimi siamini ahadi za "tutazipanga Ramadhani".

Kusanyeni picha za simu zote mahali pamoja. Msitumiane kama picha za kawaida za WhatsApp, kwa kuwa huzibana na kuzipunguzia ubora. Tumeni kama hati, au mzihamishe kwa waya kwenda kwenye kompyuta. Kisha mpitie mara mbili. Mara ya kwanza futeni bila huruma zilizotikisika, zilizojirudia, na zile za zulia tupu. Mara ya pili chagueni zile zenye mtu, jina au jambo. Yule mwenye daftari akae kando akisoma tarehe.

Folda zipewe majina yanayoanza na mwaka, kisha mwezi na siku, kisha mahali: 2025-12-19 Nizwa, 2025-12-20 Al Khoud kwa Shangazi. Kompyuta itazipanga zenyewe kwa mfuatano. Rekodi za sauti ziingie kwenye folda ya siku yake, pamoja na picha ya ukurasa wa daftari wa siku hiyo.

Nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta au simu, moja kwenye diski ya nje, na moja nje ya nyumba yenu, ama kwenye hifadhi ya intaneti ama kwa ndugu wa mtaa mwingine. Google hutoa bure GB 15, na nafasi hiyo inagawana na barua pepe zako, kwa hiyo video ndefu zitaijaza upesi. Flashi ya kuning'inia kwenye funguo msiihesabu kuwa nakala.

Hatua ya 7: Chapisheni chache, muandike nyuma

Picha thelathini hadi hamsini zinatosha safari nzima. Saizi ya inchi 4 kwa 6 inaingia kwenye albamu nyingi zinazouzwa madukani, na picha ya simu yoyote ya miaka hii ina ubora wa kutosha kwa saizi hiyo, mradi haikupitia WhatsApp.

Hali ya pwani ni mbaya kwa picha. Albamu zile za kurasa zenye gundi na nailoni ya kufunika, tulizokuwa nazo wote, hung'ang'ania picha na kuigeuza manjano. Nunueni za mifuko. Msiiweke kwenye kabati la ukuta wa nje unaovuja jasho masika; iwekeni juu, ndani ya sanduku, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mara moja moja ifunguliwe ipate hewa, mbali na jua.

Nyuma ya picha andikeni kwa kalamu ya kuandikia CD, kwa wepesi, pembeni, na muiache ikauke kabla ya kuirundika na nyingine. Kalamu ya kawaida huchubua na wino wake hufutikia picha iliyo chini. Na andikeni yale ambayo jicho haliyaoni. "Sisi Mutrah" ni maneno ya bure, tunaiona Mutrah. "Mutrah, jioni Asha alipopotea kwa muda na kukutwa duka la udi anakunywa kahawa na mwenye duka" ndiyo maelezo.

Hatua ya 8: Kikao cha kusimulia

Kabla zawadi hazijagawiwa zote, wakusanyeni waliobaki. Kahawa, tende, kipande cha haluwa, na bibi akae mbele. Mpeni majibu ya maswali yake, moja baada ya jingine, kutoka kwenye daftari, na mumsikilizishe sauti ya ndugu yake kama mwenyewe aliruhusu. Kaeni tayari kurekodi tena, kwa sababu bibi wa hapa atamsahihisha bibi wa kule. Atasema mshelisheli haukuwa uani, ulikuwa kwa jirani. Wekeni matoleo yote mawili na msijifanye mahakimu.

Kila mtoto asimulie jambo moja alilochagua mwenyewe. Usimkumbushe. Utapeleka watoto kwenye ngome ya karne ya 17 na watakachosimulia ni lifti ya hotelini au paka wa ami. Hilo ndilo lao, liandikwe hivyohivyo.

Mtakaoweka picha mtandaoni, chujeni mara ya tatu. Msiweke pasi ya kupandia ndege, hata baada ya safari: ile mistari ya kuskani ina taarifa za tiketi na msafiri. Msiweke pasipoti wala sura za watoto wa wenyeji. Na shangazi aliyekubali kupigwa picha jikoni kwake hakukubali kuonwa na mji mzima.

Hatua ya 9: Rudisheni fungu la wenyeji

Wageni wengi huondoka na picha zote, wenyeji wakabaki na ujumbe wa "tumefika salama". Chapisheni seti ya pili, ndogo, kwa kila nyumba iliyowapokea, hasa za wazee, ambao hawatazami picha kwenye simu. Wekeni na nakala ya shajara ya ukoo ikiwa imejazwa na kuandikwa upya kwa mwandiko safi, na rekodi ya kila mzee mpeni mwanawe mmoja anayeaminika. Posta ni ya polepole, na kila baada ya muda kuna mtu wenu anayekwenda. Mpe bahasha ngumu yenye jina la mpokeaji na namba yake ya simu, na umsisitize aibebe kwenye begi la mkononi, isije ikabanwa na mihogo na papa mkavu.